Pikiniki ya Usharika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Bwana Yesu asifiwe. Nimekuwa kwenye kamati ya pikiniki ya usharika wetu hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, mara nyingi nikiwa katibu. Kila ikifika Mei simu zinaanza: wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili, hata ndugu wa sharika jirani wanaotaka kuandaa ya kwao. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu yake. Ndugu Wakatoliki, ninaposema usharika ninyi someni parokia. Mambo ni mamoja.

Kwa nini tuhangaike? Si tunaonana kila Jumapili?

Tunaonana migongo. Ibada ya kwanza inatoka, ya pili wamejaa mlangoni wanasubiri kuingia, tunapishana tu. Yupo mtu anayesali ibada ya kwanza kwa miaka kumi na hamjui hata mmoja wa ibada ya pili. Na Dar ni mji wa wageni. Kijana ana chumba chake cha kupanga Mbagala au Goba, ndugu zake wote wako Njombe au Bukoba. Akiugua, nani atajua?

Mwaka mmoja kijana fundi wa aluminiamu alikaa mkeka mmoja na mama wa jumuiya ya jirani, wakala pamoja, wakapatana kwa kuwa wote wanatoka upande wa Makete. Miezi miwili baadaye ni yule mama aliyeuliza, "Mbona mwanangu simwoni Jumapili ya pili sasa?" Akamfuata nyumbani, akamkuta ameshikwa na malaria, hana wa kumpa maji. Tangu hapo, ninapopanga pikiniki swali langu la kwanza ni nani atakaa na nani.

Tuanze maandalizi lini?

Miezi mitatu kabla. Kamati ya watu saba inatosha, mradi kila mmoja awe na kazi yenye jina: fedha, usafiri, chakula, watoto, michezo, huduma ya kwanza, na mmoja wa kuratibu wote. Kamati ya watu ishirini ni ya kupiga picha.

Tarehe gani inafaa?

Angalieni mvua kwanza. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka, ambayo wengi huipenda kwa kuwa ni mapumziko, mara nyingi huangukia katikati ya matope. Sisi tumetulia kwenye Nane Nane, tarehe 8 Agosti. Ni kipupwe, jua si kali sana, usiku unapoa, na wafanyakazi wengi wako nyumbani.

Saba Saba nayo ni kavu, ila barabara ya Kilwa wakati huo inabeba umati wa maonesho ya biashara. Kama njia yenu inapita huko, mtatumia nusu siku ndani ya gari. Tarehe 26 Desemba fukwe zinafurika watu wa kila aina, na kumlinda mtoto kwenye umati ule ni kazi ngumu mno.

Mambo mengine ya kukumbuka: msiweke ndani ya Kwaresma, angalieni ratiba ya mitihani ya darasa la saba na kidato cha nne, na ulizeni kwaya kama hawana mwaliko siku hiyo. Mkikosa kwaya mmekosa nusu ya furaha.

Jambo moja kuhusu Agosti: ni msimu wa kusi. Asubuhi bahari imetulia, lakini mchana upepo huzidi na mchanga unaingia kwenye sahani. Mkienda ufukweni, kuleni mapema na pangeni turubai liwakinge na upande wa upepo.

Twende wapi?

Wengi watasema baharini. Mimi nasema kwanza tafuteni kivuli, choo na maji ya bomba. Bahari ni ya nne.

Kama ni pikiniki yenu ya kwanza, fanyieni kwenye uwanja wa shule au kiwanja cha kanisa. Sharika nyingi zina kiwanja pembeni ya mji, Chanika au Kibaha, na mwembe mmoja mkubwa unafunika watu hamsini. Hakuna kiingilio, geti ni moja, watoto wanaonekana wote.

Kigamboni ndiko wengi huenda. Fukwe za Mjimwema na kuendelea kusini zina nafasi, na tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016 si lazima msubiri kivuko cha Magogoni, ingawa watoto wanaomba kivuko na mimi huwaunga mkono. Kwa wengine ndiyo mara yao ya kwanza kukanyaga chombo cha majini. Hoteli ndogo za huko hukubali kukodisha eneo kwa kikundi, lakini ulizeni kabla kama wanaruhusu mje na chakula chenu. Wengine wanakataa, na mtakuja kujua mkiwa na masufuria getini.

Coco Beach ni bure na mihogo yake haina mpinzani, ila kwa kikundi cha watu mia na hamsini wenye watoto siipendekezi. Hakuna mpaka. Mtu yeyote anapita katikati yenu.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni vizuri kwa umoja wa vijana. Ni hifadhi za bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna kiingilio cha hifadhi mbali na nauli ya boti. Boti za Mbudya hutoka Kunduchi, za Bongoyo hutoka Msasani. Msipande boti ambayo haina jaketi la kujiokolea kwa kila kichwa, hata kama nahodha ni muumini mwenzenu.

Wasiotaka maji wana msitu wa Pugu upande wa Kisarawe, wenye hewa safi na njia za kutembea, na pale pia kuna kiingilio. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kinafaa kwa shule ya Jumapili. Watoto wanaona nyumba za asili za makabila mbalimbali na kila mmoja anatafuta ya babu yake. Mwenye uwezo wa safari ya kilometa 70 hivi aende Bagamoyo. Misheni ya mwaka 1868 ipo, na mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar bado umesimama. Siku tuliyokwenda huko watu wetu walirudi kimya, kimya kizuri.

Popote mtakapochagua, wawili wa kamati waende wiki mbili kabla, siku na saa ile ile mliyopanga. Wahesabu vyoo. Tuliwahi kwenda mahali tulipoahidiwa vyoo sita tukakuta vinavyofanya kazi ni viwili, na akina mama walipanga foleni siku nzima.

Tunahitaji kibali?

Mkiwa ndani ya eneo la mtu au hoteli, mwenye eneo ndiye wa kumwandikia. Mkiwa uwanja wa wazi, pelekeni barua yenye mhuri wa usharika ofisi ya serikali ya mtaa, na kama mtatumia spika kubwa pitieni pia kituo cha polisi cha eneo. Barua iseme tarehe, saa, idadi ya watu na namba ya mtu wa kupigiwa. Nendeni nayo mkononi na msalimiane na mwenyekiti. Mwenyekiti akiwajua, hata maji yakikatika atawaonyesha kisima.

Mchango uwe kiasi gani? Na asiye nacho?

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo tuliwahi kuumiza watu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Andikeni gharama zote: magari, eneo, chakula, maji, viti na turubai, dawa, dharura. Gawanyeni kwa idadi ya watu wazima, watoto walipe nusu, wa chini ya miaka mitano bure. Kwetu usafiri peke yake hula karibu nusu ya bajeti.

Kosa letu lilikuwa kwenye kukusanya. Mwaka mmoja kamati iliamua kusoma kwenye matangazo majina ya ambao hawajamaliza mchango. Tulidhani tunawakumbusha. Wale ndugu hawakuja pikiniki, na wawili hawakuonekana hata kanisani kwa wiki nyingi. Mmoja wao alikuwa ameachishwa kazi bandarini mwezi ule. Nilikwenda kumwomba msamaha na nilistahili kwenda.

Sasa tunafanya hivi. Kila kaya inapewa bahasha yenye namba. Kiwango kinatangazwa, lakini mtu anaweka anachoweza na kufunga. Mhazini na mwinjilisti tu ndio wanaofungua, na kwenye orodha kinachoandikwa mbele ya kila jina ni neno moja: "Anakuja." Hakuna safu ya kiasi. Pengo linajazwa na wenye nacho, ambao wanaambiwa wazi kwamba bahasha inaruhusu kuzidisha, na linajazwa na mnada. Jumapili mbili baada ya ibada tunanadi kuku, mkungu wa ndizi, mayai, nazi. Kuku mmoja ananunuliwa na kurudishwa mezani mara tatu, na kila mara anaongeza kiti cha mtu kwenye gari.

Wanaotuma kwa simu watume kwenye lipa namba ya usharika, si simu ya mhazini. Kwanza ni usafi wa hesabu, pili mnaepuka ugomvi wa nani alisahau kuweka ya kutolea. Na hesabu ibandikwe ubaoni Jumapili inayofuata pikiniki, shilingi kwa shilingi.

Usafiri tupange vipi?

Kodini Kosta, levo siti, hakuna kusimama. Moja hubeba watu wasiofika thelathini, kwa hiyo watu 150 wanahitaji sita. Daladala ina njia yake kwenye leseni. Ikitoka nje ya njia kwa kukodiwa inahitaji kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kibali hicho mwombeni mwenye gari awaonyeshe kabla ya kutoa malipo ya awali. Dereva naye mkumbuke kwenye hesabu ya chakula. Ameamka saa kumi usiku kwa ajili yenu.

Kila gari liwe na kiongozi mwenye orodha. Anaita majina kwenda, anaita majina kurudi, na gari haliondoki mpaka jina la mwisho liitike. Msipangie watu magari kwa mitaa yao. Wachanganyeni ibada ya kwanza na ya pili, wazee na vijana. Mapambio ya njiani yatamaliza ugeni kabla hamjafika.

Tupike nini na kiasi gani?

Pilau. Nimesikia mapendekezo mengi na bado narudi kwenye pilau, kwa sababu haihitaji mchuzi, inakaa na moto wake, na hakuna anayeikataa. Kilo moja ya mchele inashibisha watu saba au wanane. Kwa watu 150 ni kilo 20. Nyama kilo 25. Kachumbari ikatwe palepale. Ndizi mbivu, matikiti na machungwa ya kutosha, kwa kuwa mtoto aliyechoka na jua hali wali, anakula tikiti.

Asubuhi watu wapate chai na maandazi au vitumbua kabla ya magari kuondoka. Mkiruka hili, saa tano watoto watakuwa wamemaliza hela zao kwa wauza barafu.

Sasa usalama, na akina mama wa jikoni naomba mnisikilize kwa upole. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya muda wa saa mbili kikiwa kimepoa, na siku ya joto linalopita nyuzi 32, muda huo ni saa moja tu. Wali ndio unaodanganya kuliko vyote: kuna vijidudu vinavyostahimili kuchemka, wali ukipoa polepole vinazaliana na kuacha sumu ambayo hata ukipasha moto tena haiondoki. Hivyo basi, ama mpikie palepale, ama pilau iingie kwenye hotipoti ikiwa inatoa mvuke na iliwe ikiwa bado ya moto. Kupika saa tisa usiku kanisani na kula saa nane mchana Kigamboni, hapana. Vyakula vya nazi pia viacheni. Wali wa nazi ni mtamu lakini hausubiri.

Maji ya kunywa: lita mbili kwa kila mtu. Kwa watu 150 ni madumu 15 ya lita 20. Wekeni na ndoo mbili za koki zenye maji ya kunawa na sabuni karibu na chakula, na mtu wa kusimama pale. Kipindupindu Dar tunakijua.

Nyama achinje nani?

Mwislamu, kama ilivyo desturi ya mji huu. Madereva wetu wengi ni Waislamu, majirani wa eneo mtakalofikia huenda nao ni Waislamu, na wapo waumini wetu wenye wake, waume au wakwe wa dini hiyo. Chakula kiwe kile ambacho yeyote akikaribishwa anakula bila kuuliza.

Pombe?

Hapana. Andikeni kwenye tangazo mapema ili pasiwe na wa kuaibishwa siku yenyewe.

Watoto na bahari: tufanyeje?

Walimu wa shule ya Jumapili wawe na watoto wanane kila mmoja, si zaidi. Kila mtoto afungwe kitambaa mkononi, rangi moja kwa kila mwalimu, na ndani yake namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa wino usiofutika. Watoto waende wawili wawili. Mwenzako ukimkosa unapiga kelele.

Kuingia majini kuwe na saa yake, tuseme saa nne hadi saa tano na nusu, na nje ya saa hiyo hakuna anayegusa maji. Watu wazima wanaojua kuogelea wasimame majini, kina cha kiuno, wakiwa wameangalia ufukweni, na kazi yao iwe hiyo tu, simu ziachwe. Watu wengi wanadhani anayezama anapiga kelele. Hapigi, anazama kimya, hatua chache kutoka kwa watu wanaocheka.

Jueni pia maji yanajaa na kupwa saa ngapi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa mbali sana na watoto huyafuata, kisha yanarudi kwa kasi. Mkienda kukagua eneo, muulizeni mvuvi. Atawaambia na saa, na sehemu yenye mkondo.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na mtu wa afya anayelijua. Usharika haukosi muuguzi. Pakiti za ORS, dawa ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ziwepo. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Namba za dharura: polisi 112, Zimamoto na Uokoaji 114. Na gari moja libaki na dereva, tayari kuondoka.

Wazee na wenye mahitaji maalumu?

Wakae viti vya mbele vya gari, washuke karibu na kivuli, na pasiwe na mchanga mrefu wa kuvuka. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kukaa kwenye jamvi, mpeni kiti chenye mgongo. Chakula wapelekewe wa kwanza. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, na watoto wao, turubai zito ni lazima, pamoja na kofia pana na losheni ya jua iliyonunuliwa na kamati, si ya kuombwa. Jua la Dar kati ya saa nne na saa kumi linachoma.

Msiwaulize kama "wataweza". Waulizeni wanahitaji nini.

Michezo gani?

Kuvuta kamba, ibada ya kwanza dhidi ya ya pili. Mbio za magunia, mbio za kijiko na ndimu, kukimbiza kuku, rede kwa wasichana na mama zao, mpira wa wazee wa kanisa na vijana, bao na drafti chini ya mti. Mchungaji akiingia kwenye gunia, siku yote imefunguka.

Huu wa mwisho ni wetu: kila mtu anapewa kipande cha karatasi na lazima arudi na majina matatu ya watu ambao hakuwa akiwajua, na kazi wanayofanya. Hakuna zawadi. Watu wamepata mafundi, wapangaji na wachumba kwa karatasi hizo.

Tuwe na sare?

Kanga au fulana ya sare inapendeza kwenye picha na inaongeza gharama mara mbili kwa kaya yenye watoto wanne. Kitambaa cha mkononi kinatosha.

Ibada je?

Fupi. Wimbo, neno la dakika kumi, sala. Kwaya waimbe jua likishuka.

Mvua ikinyesha?

Tangazeni tangu mwanzo siku ya akiba. Uamuzi ufanywe saa kumi na mbili asubuhi na mtu mmoja, apige simu kwa viongozi wa magari. Kamati nzima ikianza kushauriana kwenye kundi la WhatsApp alfajiri, nusu ya watu watafika na nusu watalala.

Taka nani anabeba?

Sisi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo njooni na viroba au magunia. Sahani na vikombe viwe vya kuosha; kila kaya ije na vyake vyenye alama. Nusu saa kabla ya kuondoka, vijana na watoto wapange mstari mmoja kutoka upande hadi upande, watembee pamoja wakiokota. Yesu alipowalisha elfu tano aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki. Sehemu hii watoto huipenda kuliko tunavyotarajia.

Na wale waliobaki nyumbani?

Kila mwaka wapo: mgonjwa, anayeuguza, aliyejifungua juzi, mlinzi aliyekosa ruhusa kazini. Orodha yao inatengenezwa na wazee wa jumuiya wiki moja kabla. Fungu lao linatolewa kwenye sufuria kabla mtu yeyote hajapakuliwa, linawekwa kwenye hotipoti ndogo zenye majina, pamoja na chungwa na soda. Kosta ya kwanza haisubiri kufungwa kwa shughuli. Inaondoka na chakula hicho kikiwa bado cha moto, na wazee wawili ndani yake wa kukifikisha. Ikifika saa kumi na moja jioni, mama yule wa Makete hupiga simu kutoka barazani kwa mtu kunieleza waliobaki ni nyumba ngapi.